Gari la kuwasha kwa kitufe: Wezi huliibaje bila ufunguo?

Umetoka shorumu na Mercedes au BMW mpya. Ufunguo uko mfukoni. Ukishika mlango unafunguka, ukibonyeza kitufe gari linawaka. Raha hiyo hiyo ndiyo mwanya wa wezi.

Inakuwaje?

Gari na ufunguo huwasiliana kwa mawimbi ya redio ya umbali mfupi. Usiku, mwizi mmoja husimama nje ya nyumba na kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo ulioachwa ndani. Mwenzake yuko kwenye gari na kifaa cha pili kinachoyapokea. Gari linadhani mwenyewe yupo, linafunguka na kuwaka. Kioo hakivunjwi, alamu hailii.

Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walijaribu mbinu hii kwa modeli 10 za kampuni 8. Zote zilifunguka.

Ufanye nini?

• Weka ufunguo, na ule wa akiba, kwenye pochi maalumu inayozuia mawimbi. Ijaribu kwanza: simama nayo kando ya gari. Mlango ukifunguka, pochi hiyo haifai.

• Muulize muuzaji kama mfumo huo unaweza kuzimwa. Kwenye baadhi ya magari inawezekana.

• Funga loki ya usukani. Mwizi akichezea nyaya za gari, pochi haisaidii, chuma kitamchelewesha.

• GPS husaidia kulitafuta likishaibwa, haizuii wizi.

• Bima ndogo hailipi gari lako likiibwa. Kata bima kubwa, na tunza funguo zote mbili: kampuni ya bima inaweza kuzidai.