Mchana wa Oktoba, Usiku wa Juni

Siku hizi jamaa wengi wa mijini hupenda kufuga samaki na kupanda mboga mahali pamoja, ndani ya kibanda kilichofunikwa kwa plastiki ipitishayo mwanga. Pampu huyapeleka maji ya samaki kwenye vitanda vya changarawe. Humo vijidudu visivyoonekana kwa macho hugeuza uchafu wa samaki kuwa mbolea, mimea huila, na maji hurudi yakiwa safi. Hata katika uwanja mdogo wa komini ya Lubumbashi, nyumba yaweza kupata hivyo kitoweo na lengalenga za kulia bukari. Lakini asiyeangalia joto la maji aweza kupoteza kwa usiku mmoja kazi ya miezi mingi.

Watu wa mbali hudhani kwamba Afrika ni joto tu. Sisi twajua sivyo. Mji wetu umekaa juu, kiasi cha meta 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai mbingu haina wingu, joto la mchana hupaa usiku, na alfajiri hewa huweza kushuka chini ya digrii 10. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, mchana hupita digrii 30.

Jambo hili si geni. Mwaka 1949 mkutano wa Waingereza na Wabelgiji juu ya ufugaji wa samaki ulifanyika hapa hapa, wakati mji ulipoitwa bado Elisabethville. Na katika mabwawa ya Kipopo, karibu na mji, tilapia wa Katanga walichunguzwa kwa bidii. Samaki huyo hana moto wake mwilini: maji yakipoa, naye hupoa. Joto likikaribia digrii 16 huacha kula. Likizidi kushuka kuelekea digrii 10 huanza kufa.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, tuyafanye maji yenyewe kuwa ghala ya joto. Maji mengi hupoa polepole kuliko maji machache. Kwa hiyo tangi kubwa, lenye kina, lililozamishwa nusu katika udongo, ni bora kuliko beseni. Mapipa meusi yaliyojaa maji, yakiwekwa juani ndani ya kibanda, hupokea joto mchana na kulitoa usiku.

Pili, upande mrefu wa kibanda uelekee kaskazini. Vitabu vya Ulaya husema kusini. Lakini kwetu, chini ya ikweta, jua la Juni hupita kaskazini. Kibanda kifungwe jua lingali kali, wala si baada ya kutua.

Tatu, siku za baridi chakula cha samaki kipunguzwe. Chakula kisicholiwa huoza, na vijidudu vya changarawe, vilivyolegezwa na baridi, haviwezi kuusafisha uchafu huo upesi.

Nne, Oktoba tufanye kinyume: pande zifunguliwe, na kivuli cha nyasi kiwekwe juu. Maji ya digrii 30 hushika hewa pungufu kwa robo kuliko maji ya digrii 15. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, samaki huja juu wakitweta. Hapo yafaa kuteka maji kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, mara nyingi, ili hewa iingie.

Tena twaonya kwa nguvu: mtu asiwashe mbabula ya makala ndani ya kibanda kilichofungwa ili kuwapasha samaki joto. Hewa ya makala haina harufu ya kumwonya mtu, nayo huua. Samaki hununuliwa tena. Baba au mtoto hanunuliwi.

Mwisho, kinunuliwe kipimajoto, na mtoto wa shule apewe daftari. Apime maji alfajiri na saa nane mchana, aandike. Baada ya mwaka mmoja, nyumba hiyo itakuwa na kitabu chake kuhusu maji yake, nao wataijua baridi ya Juni kabla haijabisha hodi.