Dawa ya Wadudu na Masoko Yake Mawili

Katika tijara zote zinazomgusa mkulima wa Tanzania, ile ya dawa za wadudu ina ajabu yake, kwamba faida huhesabiwa dukani ilhali hasara, inapozuka, aghalabu huhesabiwa hospitalini. Na kwa kuwa daftari za mahali hapo pawili hazijapata kufunuliwa juu ya meza moja, mwenye kutaka kujua hali ya biashara hii hana budi kuwauliza wenye maduka ya pembejeo mbali na matabibu mbali, kisha aunganishe habari zao mwenyewe.

Upande wa shamba mambo ni dhahiri. Kantangaze, mdudu wa asili ya Amerika ya Kusini aliyevuka hadi Hispania na Afrika ya Kaskazini kabla ya kutufikia sisi, alipobisha hodi Tanzania mwaka 2014, mkulima wa nyanya aliyezoea kupuliza kwa vipindi akajikuta anabeba bomba mgongoni karibu kila juma. Haukupita muda viwavijeshi vamizi, ambao Afrika iliwaona mara ya kwanza mwaka 2016, wakaingia katika mahindi, zao ambalo wakulima wadogo walio wengi hawakuwa na desturi ya kulipulizia dawa yoyote likiwa shambani. Hilo la pili ndilo lililobadilisha soko zaidi kuliko la kwanza, kwa sababu nyanya hulimwa na baadhi ya watu, bali mahindi hulimwa na takriban kila mtu. Na duka lililokuwa likiuza mbegu na mbolea, na chupa chache za dawa kwenye rafu ya nyuma, leo limezileta chupa hizo mbele, karibu na mlango, emamektini na abamektini na lambda-saihalothrini, nyingi zikiwa zimetoka China na India.

Soko la pili halina rafu. Mnunuzi wake mkubwa ni mfadhili, mtumiaji wake ni mama aliyepewa chandarua kliniki au mwanafunzi aliyepewa shuleni, na bei yake haijui yeyote kati yao. Hata hivyo bidhaa inayouzwa humo ni ndugu wa ile ya kwanza, na mara nyingine si ndugu tu bali ni ile ile. Pairethroidi, jamii ya dawa zilizobuniwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, zimetiwa katika vyandarua vyote vya dawa kwa muda mrefu, nazo ndizo zilizomwagwa tangu zamani katika pamba na mboga. Zilipochakaa machoni pa mbu, wataalamu wakaigeukia klorofenapiri, ambayo nayo asili yake ni dawa ya shambani. Na huko Misungwi, mkoani Mwanza, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2022 yakaonyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi miaka 10, katika maeneo yaliyogawiwa vyandarua vyenye dawa hiyo pamoja na pairethroidi, waliugua malaria kwa asilimia 44 pungufu katika miaka 2 kuliko wenzao waliopewa vya pairethroidi pekee. Mwaka uliofuata wakuu wa afya wa dunia wakavipendekeza kwa nguvu, na viwanda vikaelekeza mitambo yake huko.

Mfanyabiashara mmoja wa Ilula, mkoani Iringa, ambaye ameuza pembejeo kwa wakulima wa nyanya tangu kabla kantangaze hajafika, anayo klorofenapiri katika duka lake, imesajiliwa na ina lebo yake ya Kiswahili, na hakupata kusikia kwamba inatiwa katika vyandarua hadi mwandishi alipomweleza. Hakutaharuki. Malalamiko yake yalikuwa mengine, na kwa kuwa aliyatoa kwa utulivu wa mtu aliyeyafikiri siku nyingi, yanastahili kuelezwa kwa marefu yake. Husema kwamba kila lawama ya biashara hii humwangukia mwenye duka, kwa kuwa ndiye pekee mwenye anwani. Dawa ikishindwa kuua, mkulima humrudia yeye na kumwita mwizi; bwana shamba akija, humwuliza yeye kwa nini wakulima wanachanganya dawa tatu katika bomba moja; na mkaguzi akija hutazama leseni, cheti cha mafunzo na tarehe za kwisha muda, akaondoka. Wakati huo huo mchuuzi wa mnadani anapitisha chupa zilizovuka mpaka bila ushuru, baadhi yake ghushi, akiuza kwa bei ambayo mwenye kulipa pango na kodi haiwezi kabisa, na mnada ukiisha hana pa kuulizwa.

Fauka ya hayo kuna mkopo. Mkulima huchukua dawa leo akaahidi kulipa atakapovuna, na nyanya zikishuka bei, kama zishukavyo kila wanapovuna wote kwa pamoja, deni hubaki daftarini. Kwa hiyo muuzaji, ili asipoteze dawa na deni, hushauri ile iliyo kali, maadamu mkulima aliyevuna kidogo hulipa kidogo na aliyekosa kabisa halipi. Kwa maneno yake, ushauri wa kubadilisha makundi ya dawa kila msimu ili wadudu wasijenge usugu ni ushauri mwema kwa mwenye fedha mkononi. Tulipomwuliza ni chupa ngapi za klorofenapiri alizouza mwaka uliopita, alisema angeweza kuhesabu kwa jioni moja, lakini miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza swali hilo.

Hapo ndipo penye jambo. Kiwavi na mbu si mdudu mmoja, na usugu wa mmoja hauhamii kwa mwingine kama homa. Ila mabaki ya dawa hutiririka katika madimbwi na mifereji ya mashamba, mahali ambapo viluwiluwi vya mbu hukua, na wale wanaosalimika humo ndio wanaozaa. Afrika ya Magharibi uhusiano wa mashamba ya pamba na usugu wa mbu umeandikwa kwa miaka mingi. Kameruni, mbu waliochukuliwa katika maeneo ya kilimo kandokando ya Yaoundé wamekutwa wakistahimili neonikotinoidi, jamii ambayo klothianidini yake hupulizwa kutani kuzuia malaria, nao walikuwa wameijua dawa hiyo shambani kabla ya kukutana nayo nyumbani. Lau ingetokea vivyo hivyo kwa klorofenapiri, mfadhili angekuwa amenunua kwa bei ya juu kitu ambacho jirani alikuwa akikitumia bila hesabu.

Lakini si haki kulihesabu shamba kuwa mwovu tu wa kisa hiki. Kubuni kiini kipya cha dawa huchukua zaidi ya miaka 10 na mamia ya mamilioni ya dola, gharama ambayo soko la mbu peke yake, ambalo wateja wake ni maskini na mlipaji wake ni mmoja au wawili, haliwezi kuilipa. Ndiyo maana karibu kila dawa iliyomo katika chandarua ilitafutwa kwanza kwa ajili ya pamba, mboga au matunda. Hata broflanilidi, miongoni mwa dawa mpya za kupulizwa kutani, ina soko lake shambani. Shamba, basi, ndilo linalolipia kuzaliwa kwa dawa na ndilo linaloiharakishia uzee, na kanuni yoyote itakayolifungia mlango hapa itaufunga na kule.

Afisa mmoja wa serikali, aliyeomba asitajwe, hakuona sababu ya wasiwasi. Kila dawa, alisema, hupimwa kabla ya kusajiliwa, na mapambano ya malaria yanakwenda vyema, akitoa ushahidi wa tarakimu aliyoirudia mara kadhaa: mwaka 2008 watoto wa chini ya miaka 5 waliokutwa na vimelea Tanzania Bara walikuwa asilimia 18, na kufikia mwaka 2022 walikuwa asilimia 8. Tarakimu hiyo ni ya kweli, nayo ni kazi kubwa isiyofaa kubezwa. Bali katikati yake kuna nyingine ambazo afisa hakuzigusa: asilimia 9 mwaka 2012, ambayo mwaka 2016 ilipanda hadi 14, na asilimia 7 mwaka 2017, kisha 8. Anayechagua kituo cha kwanza na cha mwisho huona mteremko. Anayesimama katika kila kituo huona njia inayopanda na kushuka, na kwa miaka mitano ya mwisho huona kwamba haikuteremka tena. Kuhusu ni kiasi gani cha dawa za jamii ya vyandarua kinachouzwa shambani, afisa alisema suala hilo ni la wizara nyingine.

Kwa matabibu hadithi ni nyingine tena, kwa kuwa wao humpokea aliyeathirika na dawa yenyewe: mpulizaji asiye na glavu wala barakoa, mtoto aliyekuta dawa imehamishiwa katika chupa ya soda. Kwa dawa za kundi la zamani, profenofosi na klorpirifosi, wanayo atropini, na jaribio la Bangladesh lililochapishwa mwaka 2012 liliwafundisha kuitoa kwa kuongeza dozi upesi upesi, mtindo uliopunguza vifo kutoka asilimia 22.5 hadi 8. Klorofenapiri haina kipozi kinachojulikana, na maandiko ya matabibu wa Korea na Taiwan yanaonya kwamba mgonjwa aweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa kabla hali haijageuka ghafla, jambo ambalo zahanati iliyozoea kumruhusu anayejisikia nafuu inapaswa kulijua. Sri Lanka iliondoa sokoni dawa zilizo hatari kuliko zote hatua kwa hatua, vifo vikapungua sana na mavuno hayakuporomoka. Mwagizaji mmoja wa Dar es Salaam, alipotajiwa hilo, alisema Sri Lanka ni kisiwa, na mipaka yetu kila mtu anaijua.

Hali ya pareto yafaa itajwe, japo kwa ufupi, kwa kuwa inakera. Ua hilo hulimwa Mbeya, Iringa na Njombe, na Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakuu duniani. Lakini sehemu kubwa ya dondoo lake huuzwa ng'ambo, ilhali mkulima aliye jirani na ua hilo hununua pairethroidi ya kiwandani iliyosafirishwa kutoka Asia, kwa sababu ni nafuu na haiharibiwi upesi na jua.

Mwelekeo wa biashara kwa miaka michache ijayo ni mgumu kubashiriwa, na wanaoubashiri kwa yakini aghalabu wana kitu cha kuuza. Huko Kwale, Kenya, majaribio ya kuwapa watu ivermektini, dawa inayomuua mbu anayemwuma aliyeimeza, mara moja kwa mwezi yalipunguza maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 kwa asilimia 26 juu ya kinga ya vyandarua, habari iliyochapishwa mwaka 2025 na kupokewa kwa furaha. Ila ivermektini ni wa ukoo mmoja na emamektini na abamektini zinazouzwa kwa wingi katika maduka yetu, na mintarafu ya hilo wauzaji hawajaulizwa lolote. Klorofenapiri, kwa upande wake, sasa inatengenezwa na viwanda vingi vya China, na waagizaji wanasema bei yake ya jumla inashuka. Yamkini wafadhili watanunua vyandarua vingi zaidi kwa fedha ile ile. Yamkini pia kifungashio kidogo kitafika Ilula, Mang'ola na Lushoto kwa bei ambayo mkulima anayekopa ataiona nafuu kuliko ya zamani. Mfanyabiashara wa Ilula anadhani la pili litatangulia, na amekwisha kutenga nafasi rafuni.