Je, Wajua? Ebola, serikali na imani ya watu

Je, wajua kwamba mwezi mmoja tu baada ya Ebola kutangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, tarehe 1 Agosti 2018, watafiti walipita miji ya Beni na Butembo wakiuliza watu kama wanaiamini serikali? Walihoji watu wazima 961. Waliosema viongozi wa eneo lao wanatetea maslahi yao hawakufika theluthi moja. Na mmoja kati ya kila wanne alisema Ebola haipo.

Wajua kwamba jibu kuhusu serikali lilihusiana na afya ya aliyelitoa? Watu wenye imani ndogo na serikali ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo na kwenda kituo cha afya walipougua.

Ni rahisi kuwaita wajinga. Lakini tazama walikotoka. Tangu Oktoba 2014, raia wa Beni na vijiji vyake walikuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki, mauaji yanayohusishwa zaidi na waasi wa ADF, na jeshi la taifa pamoja na walinda amani wa Umoja wa Mataifa wakiwa papo hapo wilayani. Mamia ya watu walizikwa. Kisha ikaja Ebola, na barabara zilizokuwa hazina mtu zikajaa magari ya misaada. Wenyeji wakauliza: mlikuwa wapi siku zote? Sijaona jibu la kuridhisha kwa swali hilo mpaka leo, na aliyeliuliza hakuwa na upungufu wowote wa akili.

Wajua kuhusu surua? Kongo ilipoteza zaidi ya watu 6,000 kwa surua kuanzia mwanzo wa mwaka 2019, wengi wao watoto wadogo. Ebola ya Kivu, tangu ilipoanza hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287. Dunia ilijua habari ya ugonjwa upi?

Wajua kwamba Ebola iliwanyima watu kura? Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi wa rais, tume ya uchaguzi ilisema Beni na Butembo zitapiga kura Machi mwaka unaofuata, kwa sababu ya ugonjwa na usalama. Rais mpya aliapishwa Januari. Zaidi ya watu milioni moja waliachwa nje, katika eneo lililojulikana kwa upinzani, ilhali makanisa na masoko yalikuwa wazi kama kawaida. Siku moja baada ya tangazo la tume, waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha kuchunguza wagonjwa wa Ebola, na waliokuwa ndani wakisubiri majibu wakakimbia. Siku ya uchaguzi wenyewe, wakazi wa Beni waliandaa kura yao. Walipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Kunawa mikono walikukubali. Walichokikataa ni kuambiwa kwamba ugonjwa ndio sababu.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya wiki moja. Aprili 19, Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Alikuja kuokoa watu asiowajua.

Wajua kwamba kila siku ambayo mgonjwa wa Ebola alikaa nyumbani kabla ya kufika kituoni iliongeza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 11? Hayo yalionekana katika jaribio la dawa nne lililofanyika katika mlipuko huohuo na kuongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongo aliyeufuatilia ugonjwa huu tangu mlipuko wa Yambuku mwaka 1976. Dawa mbili zilifaulu. Moja ilitengenezwa kutokana na kinga iliyopatikana kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Kwa hiyo tiba ilikuwepo, tena yenye asili ya Kongo, lakini aliyejificha kwa kuogopa kituo aliifikia akiwa amechelewa.

Na woga huo ulikuwa na sura. Mtu anaingizwa hemani, ndugu hawamwoni tena, kisha wanakabidhiwa mfuko uliofungwa. Mitaani zikavuma habari kwamba viungo vinaibwa na mifuko imejazwa mawe. Wajua kilichosaidia? Kuona. Shirika la ALIMA lilileta vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ambamo jamaa aliweza kukaa nje na kumtazama mgonjwa wake, kumsemesha, kumwonyesha mtoto. Baadaye mifuko ya maiti yenye sehemu angavu ikatumika pia, ili familia ijihakikishie inayemzika ni nani. Kwa maoni yangu, hilo lilifanya kazi kuliko vipeperushi vyote.

Beni kulikuwa na kituo cha kulelea watoto kando ya kituo cha matibabu. Walezi wake walikuwa watu waliopona. Kwa kuwa walikuwa na kinga, waliweza kuwabeba na kuwakumbatia watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, na ambao hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuwagusa.

Wajua pia kwamba baadhi ya waliotumwa kusaidia waliisaliti imani ya watu? Septemba 2021 tume huru iliripoti tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya watu 83 waliokuwa kwenye kazi ya Ebola, 21 kati yao wakiwa wa Shirika la Afya Duniani. Wanawake walisimulia kuahidiwa kazi kwa sharti la kulala na wakubwa. Ni aibu.

Tuvuke hadi Liberia. Tarehe 20 Agosti 2014, kwa sababu ya Ebola, serikali iliufunga kwa askari mtaa wa West Point, Monrovia, wenye makumi ya maelfu ya watu na vyoo vichache. Wakazi waliamka na kukuta seng'enge. Vurugu zikazuka, askari wakafyatua risasi, na mvulana wa miaka 15 akafariki. Baada ya siku kumi hivi zuio likaondolewa.

Wajua watafiti waligundua nini Monrovia? Wasioiamini serikali walizijua dalili za Ebola na namna inavyoambukiza sawasawa na wanaoiamini. Tofauti ilikuwa kwenye vitendo: walijikinga kidogo na hawakuunga mkono amri za kudhibiti ugonjwa. Tena walioumia zaidi wakati wa mlipuko, waliokosa kazi au walioona maiti zikingoja kuchukuliwa, ndio walioiamini serikali kidogo zaidi. Msukosuko uliila imani, na upungufu wa imani ukauongeza msukosuko. Kilicholegeza fundo hilo, kwa sehemu, ni vijana wa mitaa ileile waliopita nyumba kwa nyumba wakieleza habari za Ebola. Wangedanganya, majirani walijua pa kuwapata.

Mwisho, Sierra Leone. Kabla Ebola haijafika, zahanati 254 za serikali ziliingizwa katika jaribio. Kwenye baadhi yake wanakijiji na wauguzi walikaa pamoja, wakaambiana wazi nani anachelewa kazini, dawa zipi zinauzwa ilhali ni za bure, na kila upande utarekebisha nini. Kwenye nyingine wauguzi waliofanya vizuri walipewa tuzo za heshima tu, bila fedha. Mwaka 2014 ugonjwa ulipoingia, maeneo yaliyopitia hatua hizo yaliripoti wagonjwa wa Ebola wengi kuliko mengine, kwa zaidi ya asilimia 60, na vifo vikawa vichache. Hawakuwa wameugua zaidi. Walikuwa wakijitokeza mapema, kwa muuguzi waliyekwisha kugombana naye wakapatana.