Ukiugua Kenya: hospitali ipi, na nani atalipa?

Mfanyabiashara anayevuka Namanga au Busia anajua bei ya gunia la mahindi huku na kule, na anajua shilingi imebadilishwa kwa kiasi gani asubuhi hiyo. Muulize atakwenda hospitali gani akizidiwa na homa Gikomba au Kongowea, atakwambia atajua huko huko. Kujua huko huko ndiko kunakomaliza mitaji ya watu.

Tangu katiba ya 2010, huduma za afya Kenya ziko mikononi mwa serikali za kaunti 47. Serikali kuu imebaki na sera na hospitali kubwa za rufaa. Vituo vimepangwa kwa ngazi 6. Ngazi ya 1 si jengo, ni wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Ya 2 ni zahanati, ya 3 kituo cha afya, ya 4 hospitali ya kaunti ndogo, ya 5 hospitali ya rufaa ya kaunti, na ya 6 ni za kitaifa kama Kenyatta ya Nairobi na Moi ya Eldoret. Hospitali binafsi nazo hupewa ngazi, kwa hiyo usidanganywe na vioo na jina kubwa: kliniki iliyo juu ya duka la simu inaweza kuwa sawa na zahanati, ila bei yake si ya zahanati. Uliza ngazi kabla ya kuuliza bei.

Upande wa malipo ndio umebadilika zaidi. Bima ya zamani, NHIF, ilifungwa na nafasi yake ikachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuanzia Oktoba 1, 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya yake na hulipa kwa mwaka, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Kwa aliyesajiliwa, matibabu ya msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko wa serikali.

Na wewe uliyetoka Tanzania au Uganda? Sheria ya bima ya afya ya 2023 inamtambua mgeni anayeishi Kenya zaidi ya miezi 12. Huyo anapaswa kujisajili na kuchangia. Anayekuja kwa muda mfupi zaidi anatakiwa awe na bima ya afya ya safari. Kwa mtu anayevuka Jumatatu na kurudi Alhamisi, sharti hilo limeandikwa kana kwamba sote tunapanda ndege. Hata hivyo ndiyo sheria, na ukifika dirishani bila SHA wala bima, utalipa kutoka mfukoni, hata katika hospitali ya umma. Bidhaa za Jumuiya huvuka kwa cheti cha uasili. Kadi ya afya ya pamoja bado hatuna.

Dharura ina kanuni yake. Kifungu cha 43 cha katiba kinasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Hakikusema Mkenya, kimesema mtu. Sheria ya Afya ya 2017 inatoza faini isiyozidi shilingi milioni 3 kwa hospitali yenye uwezo inayokataa kutoa huduma hiyo, ya umma au binafsi. Lakini elewa mpaka wake: dharura maana yake ni kukutuliza hali yako na kupanga rufaa. Haimaanishi kwamba bili haitakuja.

Hospitali kubwa za binafsi kwa kawaida hutaka malipo ya awali kabla ya kukulaza. Kati yao na za umma zipo za misheni, kama Kijabe na Tenwek, ambazo mara nyingi huwa nafuu kuliko za binafsi. Kwa maoni yangu, mfanyabiashara mdogo aanze na hospitali ya kaunti au ya misheni, ila asisahau migomo. Wa madaktari mwaka 2017 ulidumu siku 100, na wa 2024 siku 56. Binafsi nazo zina mivutano yake: Februari 2025 nyingi ziliwataka wagonjwa wa SHA walipe taslimu kwa sababu ya madeni ambayo hazijalipwa.

Bili ikikushinda, usikubali kufungiwa wodini. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili waliojifungua kwa sababu ya deni la hospitali kulivunja haki zao. Desturi hiyo haijaisha, lakini deni hudaiwa kama deni lolote: omba kuzungumza na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali, muandikiane utaratibu wa kulipa kidogo kidogo.

Kabla ya kuondoka dai vitu viwili: risiti ya kila ulicholipa, na muhtasari wa matibabu wenye majina ya dawa na majibu ya vipimo. Bila muhtasari huo, daktari wa Arusha au Tororo atakayekupokea ataanza kukupima upya, na utalipia tena.