Kilichoiua Kontroli Boksi

Gari la miaka ya 1990 likianza kuzimika kwenye sailensa (injini ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta), kumisi njiani na kugoma kuwaka asubuhi, mara nyingi hupita mikononi mwa mafundi kwa mtiririko uleule. Zinabadilishwa plagi, inafuata koili, inafuata pampu ya mafuta, na fedha zikishakwisha inatolewa hukumu kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Mwenye gari anatumwa Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akatafute nyingine ya mtumba. Ninachopinga hapa si kubadili kontroli boksi, maana zipo zinazokufa kweli. Ninapinga kuibadili bila kujua kilichoiua. Ndani yake hakuna kinachozunguka wala kinachosagana, hivyo haichakai kama bushi au breki. Ikifa, imeuawa na joto la miaka mingi, na maji, na kasoro ya kiwandani au na umeme uliozidi uwezo wake, na kama muuaji bado yumo ndani ya gari, boksi la pili linakwenda kufungwa palepale lilipofia la kwanza.

Chukua gari ambalo boksi lake linaonekana limekufa kabisa: ukiwasha swichi taa ya injini haiwaki, na mashine ya kupimia haipati mawasiliano. Dalili hizo zinaweza kutokea boksi likiwa zima. Umeme wake hupitia fyuzi na rilei, na rilei iliyoungua miguu inatosha kulinyamazisha. Zaidi ya hapo, boksi lenyewe hutengeneza volti 5 na kuzigawa kwa sensa kadhaa. Sensa moja ikipiga shoti, au waya wake ukichubuka na kugusa bodi ya gari, volti hizo zinaporomoka kwa sensa zote, na katika magari mengi injini hugoma na mashine haisomi kitu. Kupima si kazi ya gharama: multimita inawekwa kwenye waya wa volti 5, kisha sensa zinachomolewa moja moja. Volti zikirudi ghafla baada ya kuchomoa sensa fulani, tatizo limepatikana, na boksi halikuwa na kosa.

Ethi mbovu ina hila zaidi. Umeme wa nozeli na wa mfumo wa kuchoma hurudi kwenye betri kupitia nyaya chache zilizofungwa kwa bolti kwenye injini, na katika gari lenye miaka 25 chini ya bolti hizo kuna kutu na mafuta. Tuseme kutu hiyo inaleta tofauti ya volti 0.3 kati ya ethi ya boksi na injini yenyewe. Sensa ya oksijeni ya waya mmoja, ile ya magari ya zamani, hupata ethi yake kwenye bomba la ekzosi. Ikitoa volti 0.7, maana yake mafuta ni mengi. Boksi lenye ethi iliyopanda linasoma 0.4, chini ya mpaka wa kama 0.45, linaelewa kwamba mafuta ni machache, basi linaongeza. Moshi unakuwa mweusi, plagi zinajaa masizi, na boksi linalaumiwa kwa kutii taarifa liliyoletewa. Ili kulijua hili, ncha moja ya multimita iwekwe kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye pini ya ethi ya soketi ya boksi, injini ikinguruma na taa kubwa zikiwaka. Tofauti ikizidi kama volti 0.1, kazi ya kwanza ni kufungua bolti, kupiga msasa na kukaza upya.

Sasa tuje kwenye maboksi yaliyokufa kweli. Katika Mitsubishi za miaka ya 1990 zenye injini ya 4G63, sailensa husimamiwa na mota ndogo yenye koili ambazo kila moja inatakiwa kupima omu 28 hadi 33. Volti 12 zikigawanywa kwa omu 30 zinatoa ampia 0.4, mzigo ambao transista ya ndani ya boksi inaumudu. Koili ikipiga shoti na kushuka hadi omu 5, umeme unapanda hadi ampia 2.4, na transista inaungua. Fundi anaona boksi bovu, analibadili, sailensa inarudi, kisha la pili linaungua kwa mota ileile ambayo hakuna aliyeipima. Kipimo kilichoachwa ni cha dakika chache tu.

Muuaji mwingine yumo ndani ya boksi lenyewe. Maboksi mengi ya Mitsubishi na baadhi ya Toyota ya kipindi hicho yana kapasita zenye majimaji ya kemikali ndani. Joto la miaka linalegeza mpira wa chini, majimaji yanavuja na kula njia za shaba. Ukifungua kasha unakutana na harufu kama ya samaki, unaona doa la kahawia limezunguka miguu ya kapasita, na lehemu iliyokuwa inang'aa imefubaa. Uharibifu ukiwahiwa, tiba inajulikana: kapasita zing'olewe, bodi isafishwe kwa spiriti, njia zilizokatika ziungwe kwa waya mwembamba, na ziwekwe kapasita zenye kipimo kilekile zinazohimili nyuzi 105. Boksi la mtumba la mwaka uleule lina kapasita za umri uleule, kwa hiyo anayelinunua bila kulifungua huenda ananunua ugonjwa alioukimbia.

Wapo watakaosema kwamba njia ya haraka ni kuazima boksi zima, kulichomeka na kusikiliza. Gari likitulia, ushahidi si umetosha? Hautoshi. Kule kuchomoa na kuchomeka tu kunasugua pini zenye kutu na kufuta kumbukumbu ya boksi, na gari linaweza kutulia kwa siku kadhaa bila chochote kutengenezwa. Isitoshe, kama ndani kuna koili yenye shoti, boksi la watu linaunguzwa kwa ajili ya jaribio. Kuazima kuwe hatua ya mwisho, baada ya kupima umeme, ethi na mizigo yote.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba maboksi mengine hufa yenyewe, gari likiwa halina kosa. Ni kweli. Mwaka 2010 Toyota iliita kwa matengenezo zaidi ya magari milioni moja ya Corolla na Matrix huko Marekani na Kanada, ya miaka ya 2005 hadi 2008, kwa sababu lehemu au kijenzi kimoja kwenye bodi ya boksi kiliweza kupasuka na kulizima gari. Lakini hata hapo kilitajwa hasa kilichopasuka, na hilo ndilo ninalolidai gereji. Mashine ikisoma P0601 au P0606, boksi lenyewe linakiri hitilafu ya ndani, na ethi na volti zikishathibitishwa, sina ugomvi na anayelibadili. Vilevile boksi lililokaa majini hadi shaba ikaoza kati ya tabaka za bodi, au lililozibwa kwa gundi ngumu, mara nyingi halitengenezeki.

Ikifika hapo, namba ndiyo inayotawala. Kwenye Toyota ni ile inayoanza na 89661, na tarakimu zinazofuata hutenganisha gia za mkono na otomatiki, gari lenye imobilaiza na lisilonayo. Boksi linalofanana umbo na soketi lakini lina tarakimu tofauti linaweza kuwasha injini huku likikosea gia au muda wa kuchoma. Katika gari lenye imobilaiza ugumu unaongezeka, kwa sababu siri za funguo huhifadhiwa, katika magari mengi, kwenye chipu ndogo ndani ya boksi la zamani. Boksi jipya halizijui funguo zako na litaizuia injini isiwake. Fundi mwenye vifaa anaweza kuisoma chipu hiyo na kuhamishia siri zake kwenye boksi la pili, hata kama la kwanza haliwashi tena gari. Kwa hiyo muuza spea akitaka boksi bovu kama sehemu ya malipo, asipewe hadi siri hizo zimehamishwa na kila ufunguo wa gari umejaribiwa na kuwasha injini.