Fimbo na Sheria ya Uwanja: Kirumbizi cha Wabajuni

Katika kirumbizi, kumpiga mwenzako si ushindi. Mgeni akiona wanaume wawili wamekabiliana kwa fimbo, zumari inalia na ngoma zinarindima, husubiri kuona nani ataumia. Wenyeji wanatazama kwingine kabisa. Wanatazama miguu. Fimbo iliyoshuka nje ya mapigo ya ngoma ni ugomvi hata kama haikumgusa mtu, na fimbo iliyoshuka ndani ya mapigo ni mchezo hata kama imetua kwa kishindo.

Wabajuni ni watu wa mlolongo wa visiwa vinavyoteremka kutoka kusini ya Kismayo hadi Ras Kiamboni: Koyama, Ngumi, Fuma, Chovai, Chula na vinginevyo vidogo. Kisha, bila kujali mpaka uliochorwa na wakoloni, wanaendelea Kiunga, Kizingitini na Faza. Ni watu wa uvuvi, wa boriti za mikoko, na zamani wa mitepe iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Kirumbizi wanakicheza pamoja na ndugu zao wa Lamu, na jina hilo hilo utalisikia hadi Pemba. Lakini kuchangia jina la ngoma si kuchangia adabu zake zote. Mchezo ni mmoja, na uwanja una wenyewe.

Mahali pazuri pa kuuona mchezo huu kwa utulivu ni Lamu, katika Maulidi ya Mfungo Sita, karibu na Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh. Watu hufanya duara. Anatoka mtu na kikoi chake, kofia kichwani, fimbo mkononi, anazunguka uwanja kwa mwendo wa ngoma bila haraka yoyote. Akitokea wa kumkabili, mmoja hushambulia, mwingine hukinga. Niliwahi kumtazama mzee mmoja akikabiliwa na kijana aliyemzidi nguvu, urefu, na hata uzito wa fimbo. Kijana alipiga mara tatu kwa pupa. Mzee hakuinua mkono zaidi ya kiasi cha kifundo kugeuka. Fimbo yake ilikuwa imeshafika pale ambapo fimbo ya kijana ilikuwa inakwenda, tena ikatua sawasawa na pigo la ngoma. Kelele za watu zilipanda. Kijana alicheka, akapunguza kasi, na kuanzia hapo akaanza kucheza. Baadaye akaingia mwingine kati, wale wawili wakatoka, na mzunguko ukaendelea.

Kilichonigusa pale ni kwamba hakuna aliyehesabu. Hapakuwa na mwamuzi wala alama. Ustadi wa mzee ulikuwa dhahiri kwa kila aliyekaa kwenye duara, kwa sababu wote walikuwa wanaijua sheria iliyokuwa ikiupima.

Hapa ndipo ninapoona faida ya kuangalia wengine walivyoupima ustadi kwa sheria zao. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa, Dungeons & Dragons. Mchezaji hushika shujaa wake kwenye karatasi, na dadu huamua kama upanga umefika. Mwanzoni silaha zote zilidhuru kwa kiwango kimoja. Mwaka 1975 kila silaha ikapewa kiwango chake, na mwaka 1985 wakaongeza sheria ya shujaa aliyebobea katika silaha moja: huyo hupata nyongeza kila anapoitumia. Tangu mwanzo vikundi vya wachezaji vimekuwa vikijitungia sheria za nyumbani kwao, kwa sababu kitabu hakitoshi. Wapo wanaoona nyongeza hiyo ni kubwa mno na kuipunguza, na wapo wanaoitoa tu kwa aliyefundishwa na bingwa ndani ya hadithi.

Swali wanalozozania mezani ndilo lile la uwanja wa kirumbizi: aliyebobea apewe nini zaidi ya mwenzake? Wao wamejibu kwa namba. Watu wa pwani yetu wamejibu kwa heshima ya duara. Fundi wa fimbo hapati ruhusa ya kupiga zaidi. Anachoongezewa ni wajibu. Anatazamiwa asimwaibishe mdogo, asiitumie nguvu yake yote, na amwachie nafasi ya kujifunza. Ndivyo yule mzee alivyofanya, na mimi naliona jibu hili kuwa zito kuliko namba yoyote.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, kuna mfano mwingine wa mapigano yenye sheria. Kila mwezi wa Julai, katika Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kuondoa kinyongo cha mwaka mzima. Gomba ni zito mkononi lakini laini mwilini, kwa hiyo sheria imewekwa ndani ya silaha yenyewe. Kirumbizi hakina kinga hiyo. Fimbo yake ni fimbo kweli, inaweza kupasua kichwa. Kinachomlinda anayekinga ni adabu ya anayepiga na macho ya waliokaa.

Na macho hayo yametawanyika. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walipanda majahazi na madau wakaja Mombasa. Kambi yao ya Jomvu ilipofungwa mwaka 1997, wengi wakarudishwa visiwani, na baadaye Kismayo na pwani yake zikaangukia mikononi mwa Al-Shabaab, watu waliopiga marufuku muziki. Leo kuna Wabajuni Mombasa, Malindi na Uingereza. Kijana wao anaweza kuiona ngoma hii kwenye simu, akaiga mwendo wa miguu na hata mzunguko wa mkono. Sheria ya uwanja haionekani kwenye picha. Hawezi kujua kwamba yule aliyerudi nyuma alirudi kwa hiari, wala kwa nini watu walishangilia fimbo ambayo haikumfikia mtu.

Kwa hiyo naomba wanaorekodi ngoma zetu wasiishie kwenye zumari na mavazi. Wawaulize wazee wa Chovai, wa Chula, wa Koyama, wa Fuma, mmoja mmoja: nani huruhusiwa kuufungua uwanja? Kichwa kinalengwa au ni mwiko? Aliyepigwa kwa bahati mbaya huombwaje radhi, na mbele ya nani? Mtu huingiaje kati ya wawili bila kuwavunjia heshima? Majibu yakitofautiana kati ya kisiwa na kisiwa, yaandikwe yote kama yalivyo, kila moja na jina la kisiwa chake, na asitokee mhariri wa kuyasawazisha.