Betri Haichaguliwi kwa Bei

Nilipoishi Makongeni, kando ya Barabara ya Jogoo, walimu wenzangu waliniuliza mara nyingi ni betri ipi iifaayo Noah ya familia. Jawabu langu halijabadilika: bei isitangulie. Betri iwe ya volti 12, ienee kikaoni pake, vichwa vyake viwe upande ule ule, na ampea-saa zisipungue zilizowekwa na mtengenezaji. Tarehe ya kuundwa isomwe pia, kwani betri huchakaa hata rafuni.

Nayo kuukuu irejeshwe kwa muuzaji, asipewe myeyushaji wa vichochoroni. Risasi yake ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Mwaka 2020, mahakama mjini Mombasa iliwaamulia wakazi wa Owino Uhuru fidia ya Sh1.3 bilioni kwa madhara ya kiwanda kilichoyeyusha betri. Mwalimu atakayelipuuza hilo atamfundisha nani kesho?